Mabondia wa Vietnam wanapanda, lakini kwa ngazi ipi?

Tarehe 23 Oktoba 2021, katika mji wa Pyeongtaek nchini Korea Kusini, Nguyen Thi Thu Nhi alipanda ulingoni akiwa na mapambano manne tu ya kulipwa, yote ameshinda. Kona ya pili alikuwapo Etsuko Tada, Mjapani wa miaka 40 aliyeshika ubingwa wa dunia wa shirika la WBA kuanzia 2009 hadi 2013, na ambaye siku hiyo alikuwa anautetea mkanda wa shirika la WBO katika uzito wa minimum, yaani kilo 47.6. Raundi kumi zilipokwisha, majaji wote watatu walikuwa wameandika kitu kimoja: 96-94, mshindi Thu Nhi. Vietnam ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika ngumi za kulipwa.

Namba hizo zinastahili kutazamwa vizuri. Mshindi wa raundi hupewa 10 na aliyeshindwa 9, kama hakuna aliyeangushwa wala kukatwa pointi. Kwa hiyo 96-94 ni raundi sita kwa nne. Mpe Tada raundi moja zaidi, karatasi zote zinasoma 95-95, pambano ni sare, na kwa kawaida ya ngumi bingwa anarudi nyumbani na mkanda wake. Raundi za wanawake ni za dakika mbili. Hiyo ndiyo nafasi iliyokuwapo kati ya Vietnam kuwa na bingwa wa dunia na kutokuwa naye.

Ushindi ule ulileta swali ambalo mashabiki wengi, hata wa Asia yenyewe, hawakulijibu vizuri. Mtu wa mapambano manne anafikaje kwenye pambano la ubingwa wa dunia? Na kama Vietnam imeweza hilo, kwa nini haijatoa mfululizo wa mabingwa kama Thailand, Ufilipino au Japani? Habari zinazotoka Ho Chi Minh City na Hanoi zinazidi kuchanganya: huyu katwaa mkanda wa Asia, yule wa Asia Pasifiki, mwingine wa kanda ndogo zaidi. Ukihesabu mikanda, utadhani nchi hii imekuwa taifa kubwa la ngumi. Ukiangalia waliopigana nao, picha inabadilika. Kupanda kupo, nami nakuamini, ila kumepita njia nyembamba sana, na ni wanawake ndio waliotangulia kufika mbali zaidi.

Tuanze na mikanda, maana ndiyo inayowapoteza watu wengi.

Mashirika makubwa ya ngumi za kulipwa ni manne. WBA ndilo kongwe, mizizi yake ni Marekani mwaka 1921. WBC lilizaliwa Mexico mwaka 1963, IBF mwaka 1983, na WBO mwaka 1988. Kila moja lina bingwa wake katika kila uzito. Ukichukua uzito 17 wa kawaida upande wa wanaume na kuzidisha kwa nne, tayari una viti 68 vya "bingwa wa dunia", kabla hujagusa mikanda ya muda na ile ya daraja la pili ambayo baadhi ya mashirika huitoa.

Chini ya viti hivyo kuna msitu wa mikanda ya kanda. WBO ina wa Asia Pasifiki, wa Oriental na wa Global. WBC ina baraza lake la Asia, WBA ina mikanda yake ya bara na ya sehemu za bara, na IBF vilevile. Bondia anaweza kuitwa bingwa wa Asia bila kuwahi kukutana na hata mmoja kati ya watu watano bora wa Asia katika uzito wake. Anayefuatilia ngumi za Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana hapa, kwa sababu mikanda ya aina hii ameiona ikinyanyuliwa mbele yake.

Mikanda hii isidharauliwe, hata hivyo, kwa kuwa ina kazi tatu za kweli. Kwanza, inalipa mashirika: kila pambano la mkanda lina ada, na kwa mikanda ya dunia ada hiyo kwa kawaida ni kama asilimia 3 ya malipo ya bondia. Pili, inampa promota jambo la kuandika kwenye bango, na bila bango hakuna mdhamini. Tatu, na hii ndiyo yenye maana kwa bondia mwenyewe, inamwingiza kwenye orodha ya viwango. Anayetaka kugombea ubingwa wa dunia anatakiwa awe ndani ya 15 bora wa shirika husika, na kutwaa mkanda wa kanda ndiyo njia ya mkato inayojulikana zaidi ya kuingia humo.

Ukielewa kazi hiyo ya tatu, safari ya Vietnam inaanza kusomeka. Mwaka 2017 Tran Van Thao alitwaa mkanda wa Asia wa WBC katika uzito wa super fly, kilo 52.1, na kwa Wavietnamu lilikuwa tukio kubwa kwa sababu hapakuwa na mtu wao aliyewahi kuvaa mkanda wowote wenye jina la WBC. Truong Dinh Hoang, mtu wa Dak Lak kwenye nyanda za juu, alivaa mkanda wa kanda wa WBA. Halafu Februari 2020, Thu Nhi alikwenda Kambodia, akampiga Mthailand na kutwaa mkanda wa WBO wa Asia Pasifiki. Wote watatu walikanyaga ngazi ya aina moja. Mmoja tu ndiye aliyeitumia kupanda hadi juu.

Sababu moja ni urefu wa ngazi yenyewe. Upande wa wanaume, kilo 52 ni mtaa wenye watu wengi na wakali: Wajapani waliokuzwa kwenye gimu za Tokyo na Osaka, Wafilipino, Wathailand waliozaliwa ndani ya Muay Thai, ngumi za jadi za kwao zenye mateke, Wamexico. Bondia wa Kivietnamu akishika mkanda wa Asia hapo, juu yake bado kuna watu kadhaa ambao wamepigana mara 20 au 30 na wana mapromota wenye nguvu. Katika uzito wa minimum wa wanawake idadi ya wanaopigana kwa kulipwa duniani ni ndogo mno. Ukishinda mkanda wa kanda, bingwa wa dunia yuko jirani, na mara nyingi yuko Japani, ambako mapambano ya wanawake wa uzito mdogo yamepewa nafasi kwa miaka mingi.

Kwa hiyo pambano la tano halikuwa kashfa, kama wengine walivyonong'ona. Saensak Muangsurin wa Thailand alikuwa bingwa wa dunia wa WBC mwaka 1975 katika pambano lake la tatu la ngumi za kulipwa, akitokea Muay Thai. Vasyl Lomachenko wa Ukraine alifanya hivyo mwaka 2014, naye katika la tatu. Kosei Tanaka wa Japani alitwaa WBO ya minimum mwaka 2015 katika la tano. Hakuna aliyesema hawa hawajui ngumi. Walikuja na maelfu ya raundi zisizoandikwa kwenye rekodi ya kulipwa, na Thu Nhi, aliyepita kwenye ngumi za ridhaa za Ho Chi Minh City tangu utotoni, alikuwa wa kundi hilo.

Maisha yake yanaeleza mengi kuhusu watu wanaoingia kwenye mchezo huu Vietnam. Alizaliwa An Giang, kwenye delta ya Mekong, akalelewa na bibi yake, na akiwa mtoto aliuza tiketi za bahati nasibu mitaani. Ukitembea mjini Ho Chi Minh City utawakuta wauzaji hao kila kona, wengi wao wazee na watoto, wakipita meza kwa meza kwenye vibanda vya kahawa. Kwa mtoto wa hali ile, timu ya ngumi ya jiji inampa chakula, mahali pa kulala na posho ya mwezi. Anaanza kwa sababu ya sahani, kipaji kinaonekana baadaye.

Hapa ndipo tunapofika kwenye fundo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni gumu kuliko lile la mikanda. Michezo ya Vietnam imejengwa juu ya timu za mikoa, za majiji na za majeshi. Bondia mzuri anasajiliwa na mkoa, analipwa posho na mkoa, na kazi yake ya kwanza ni kuuletea mkoa medali kwenye Michezo ya Taifa inayofanyika kila baada ya miaka minne, kisha kuiletea nchi medali kwenye SEA Games, michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia ya kila miaka miwili. Medali inaleta zawadi ya fedha, na zaidi ya hapo inaleta usalama: nafasi ya masomo ya ualimu wa michezo, na baadaye kazi ya ukocha.

Ngumi za kulipwa haziwezi kushindana na ahadi hiyo. Pambano moja la kulipwa linaweza kumpa bondia fedha nzuri kwa usiku mmoja, lakini halimpi mshahara wa mwezi unaofuata wala bima. Matokeo yake ni kwamba mabondia wengi bora wa Vietnam wanaishi kwenye nyumba mbili. Wanapigana raundi tatu za dakika tatu kwa ajili ya mkoa, halafu promota anawaomba kwa wiki chache wajiandae kwa raundi nane au kumi. Miili inayofundishwa kukimbilia pointi ndani ya dakika tisa inaombwa ghafla kubeba hadi nusu saa. Mtu akikata pumzi raundi ya sita, watazamaji husema hana moyo. Mimi naona kalenda ndiyo iliyomchosha.

Upande wa ridhaa wenyewe umepiga hatua ambazo hazipewi sifa ya kutosha. Nguyen Van Duong alifuzu Olimpiki ya Tokyo kwa kumtoa Chatchai Butdee wa Thailand kwenye mashindano ya Amman mwaka 2020, na Tokyo kwenyewe akashinda pambano lake la kwanza dhidi ya Tayfur Aliyev wa Azerbaijan kabla ya kutolewa na Erdenebat Tsendbaatar wa Mongolia. Nguyen Thi Tam alifika fainali ya ubingwa wa dunia wa wanawake huko New Delhi mwaka 2023, kilo 50, akashindwa na Nikhat Zareen wa India mbele ya watu wa India. Olimpiki ya Paris 2024 Vietnam ilipeleka mabondia wawili, Vo Thi Kim Anh na Ha Thi Linh, wote wanawake.

Tazama majina hayo. Fainali ya dunia ni ya mwanamke, mkanda wa dunia wa kulipwa ni wa mwanamke, tiketi zote mbili za Paris ni za wanawake. Hili halikutokea kwa bahati. Nchi zenye fedha ndogo za michezo hutafuta mahali ambapo dola moja inazaa medali nyingi, na kwa muda mrefu ngumi za wanawake zilikuwa mahali hapo, kwa sababu mataifa mengi yalichelewa kuwekeza. Vietnam haikuchelewa. Iliwachukua wasichana kwa umakini uleule iliowachukulia wavulana, ikawapa kambi zilezile, na uzito mdogo ukawafaa kwa umbo.

Fundo la tatu ni mapromota. Kwa muda mrefu bondia wa Kivietnamu aliyetaka kupigana kwa kulipwa hakuwa na mahali pa kupigania nyumbani. Hali imebadilika tangu katikati ya miaka ya 2010, hasa Ho Chi Minh City, na waliobadilisha wengi wao walitoka nje au walirudi kutoka nje: Wavietnamu waliokulia Marekani, na Wakorea waliokuja na uzoefu wa ngumi za kwao. Walileta gimu zenye vifaa, walijua barua ya kuomba mkanda inaandikwa kwa nani, na walikuwa na namba za simu za mapromota wa Seoul na Manila. Ushindi wa Pyeongtaek usingewezekana bila mtandao wa aina hiyo. Kumbuka pia wakati wenyewe: Ho Chi Minh City ilikuwa imefungwa kwa amri kali ya Uviko katikati ya 2021, na masharti yalilegezwa mwanzoni mwa Oktoba, wiki tatu tu kabla ya pambano.

Lakini promota wa nchi changa ana kishawishi kinachojulikana duniani kote. Anataka mtu wake ashinde nyumbani, mbele ya mdhamini, na njia rahisi ni kumleta mpinzani aliyekwisha kupoteza mara nyingi. Thailand iko karibu, na humo wamo watu wanaosafiri kupigana kwa notisi ya siku chache. Mpinzani wa namna hiyo anajaza rekodi na kupamba bango. Hamfundishi bondia kitu. Vijana wa Kivietnamu wenye 6-0 au 7-0 (ushindi sita au saba bila kushindwa) ninaowaogopea ni wale waliopata namba hizo bila kuvuka raundi ya tatu, kwa sababu siku watakapokutana na Mjapani anayepiga tumbo kuanzia kengele ya kwanza, hawatakuwa na kumbukumbu ya kuegemea.

Thu Nhi alionja umbali huo mwenyewe. Septemba 2022 alikwenda Costa Rica kupigana na Yokasta Valle, bingwa wa IBF wa uzito uleule, mikanda yote miwili ikiwa mezani. Alishindwa kwa pointi na WBO ikaenda. Valle alikuwa na uzoefu wa mapambano zaidi ya 25, alikuwa nyumbani, na alirusha ngumi bila kupumzika. Mwaka mmoja na nusu baadaye Valle naye alishindwa na Seniesa Estrada kule Arizona, Machi 2024, pambano lililomfanya Estrada mshika mikanda yote minne. Ukizipanga hizo tatu, Pyeongtaek, Costa Rica na Arizona, unaona Vietnam iliingia kwenye mnyororo wa walio bora kabisa duniani, ikakaa humo chini ya mwaka mmoja, ikatoka kwa kupigwa na mtu wa kweli. Hiyo ni heshima kubwa kuliko kushikilia mkanda miaka mitatu kwa kuwakwepa wenzako.

Kwa anayetaka kuwafuatilia mabondia hawa, kuna mambo machache ya kiutendaji. La kwanza ni jina. Wavietnamu hutanguliza jina la ukoo, na takriban theluthi yao au zaidi ni Nguyen, kwa hiyo ukitafuta "Nguyen" kwenye orodha za rekodi utazama. Nyingi ya orodha hizo hugeuza mpangilio, na Thu Nhi utamkuta kama Thi Thu Nhi Nguyen. Tafuta kwa jina la mwisho la Kivietnamu pamoja na uzito.

La pili, usisome safu ya ushindi. Soma safu ya wapinzani. Je, aliyepigwa alikuwa ameshinda mapambano yake matatu ya karibuni, au alikuwa amepoteza? Pambano lilikuwa la raundi ngapi, na lilifika ya ngapi? Kisha angalia mahali. Ushindi wa pointi Tokyo, Seoul au Bangkok una thamani kuliko KO tatu za nyumbani, kwa sababu majaji wa ugenini hawakupi raundi iliyo sawasawa.

La tatu, angalia mapengo ya tarehe. Bondia aliyepotea miezi kumi na minne huenda hajaumia wala hajaacha. Mara nyingi amerudishwa kambini na mkoa wake kwa ajili ya SEA Games au Michezo ya Taifa. Hii ni alama ya Vietnam ambayo huioni sana kwa Wafilipino, ambao wakishaingia kwenye ngumi za kulipwa kwa kawaida hawarudi nyuma.

Mvutano huo hautaisha karibuni. Mwaka 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua kwa muda World Boxing kuwa shirikisho jipya la ngumi za ridhaa na kuuthibitisha mchezo kwa Los Angeles 2028, ambako kutakuwa na mapambano ya uzito saba kwa wanaume na saba kwa wanawake. Kwa mkoa wa Vietnam wenye msichana mzuri wa kilo 51, hesabu ni nyepesi: abaki kambini. Kwa msichana mwenyewe hesabu si nyepesi, kwa kuwa miaka yake mizuri ya kulipwa ni hiyohiyo. Ningependa kuona mikoa ikiandika mikataba inayomruhusu bondia mapambano mawili ya kulipwa kwa mwaka, moja likiwa ugenini na la raundi zisizopungua nane, huku posho yake ikibaki palepale. Fedha inayohitajika si nyingi. Kinachohitajika ni mkurugenzi wa michezo wa mkoa atakayekubali kwamba bondia wake anaweza kupoteza Osaka mwezi Machi na bado akarudi na medali mwezi Desemba.